Nani alimpokea nani Kalemie

Ugomvi uliojaza watu mji wa Kalemie, mashariki mwa Kongo, hadi ndani ya madarasa uliwaka upya Julai 2016, na cheche yake, kwa maelezo yaliyosambaa wakati ule, ilikuwa viwavi. Ni viwavi vile vinavyookotwa porini msimu wake ukifika, vikakaushwa na kupelekwa sokoni. Katika wilaya ya Nyunzu, Batwa, jamii ya wawindaji wa msitu, ndio mafundi wa kazi hiyo. Wakubwa wa Baluba, majirani zao, wakataka kuwatoza ushuru, Batwa wakakataa. Mishale ikatoka, mapanga yakatoka, vijiji vikachomwa upande huu na upande ule. Kufikia mwisho wa mwaka 2017, Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 600,000 waliokuwa wameyahama makwao katika jimbo la Tanganyika peke yake.

Viwavi vilikuwa kisingizio tu, bila shaka. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 30 Aprili 2015, wapiganaji wa Kiluba walivamia kambi ya Vumilia 1 pale Nyunzu, mahali Batwa walipokuwa wamekimbilia, na kuua watu wasiopungua 30. Wapiganaji wa Kitwa nao walikuwa na visasi vyao vya kulipa. Moto ukapita Kabalo, ukapita Manono, ukashuka hadi Moba, na vijiji vya upande wa Kiambi, kwenye mto Luvua, havikusalimika.

Kiambi ni mahali ambapo safari ya maji inakwisha. Mashua zikipanda Luvua kutoka Ankoro zina kilometa kama 160 za maji yanayopitika. Zikifika Kiambi zinakoma, maana juu ya hapo mto unakuwa wa mawe na maporomoko. Kwa hiyo tangu zamani watu walishukia hapo: wafanyabiashara, askari, makarani wa Wabelgiji, mafundi wa umeme. Mwaka 2016 na 2017 ikawa zamu ya waliokimbia vita. Kutoka Kiambi hadi Kalemie ni zaidi ya kilometa 200 hata kama ndege angeruka moja kwa moja, na binadamu haruki. Lakini Kalemie ndiyo kichwa cha jimbo, ndiko kwenye ziwa, ndiko kwenye mashirika, na ndiko barabara za kaskazini mwa Katanga ya zamani zinakotazama. Sehemu kubwa ya waliokimbia vijiji vya Nyunzu na vya wilaya ya Kalemie yenyewe iliishia huko.

Waliwakuta wenyeji. Hapo ndipo maswali yanapoanza, kwa sababu Kalemie ni mji ambao karibu kila mtu ana babu aliyeshuka kwenye mtumbwi au kwenye treni.

Kabla ya Wabelgiji, pwani hii ilikuwa ya Batumbwe, Baholoholo na jirani zao Batabwa upande wa kusini. Misafara ya biashara ilivuka ziwa kutoka Ujiji na kutia nanga Mtoa, kaskazini kidogo ya mji wa leo, ikileta nguo na bunduki na kuondoka na pembe na watumwa. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika mwaka 1874 aliuona mto Lukuga, mlango pekee wa maji ya ziwa Tanganyika kutoka, ukiwa umeziba kwa matete. Miaka michache baadaye maji yalisukuma kizuizi na kwenda zao kuelekea Lualaba. Mwishoni mwa mwaka 1891 kapteni Mbelgiji Alphonse Jacques akajenga kituo cha kijeshi kupambana na wafanyabiashara wa watumwa, akakiita Albertville. Ngome ilihitaji askari, na askari hawakutoka hapo.

Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani, kilometa 273. Reli ndiyo iliyozaa mji wenyewe. Ilileta makanika kutoka Kasai, makarani kutoka Maniema, vibarua kutoka kila kijiji kilichokuwa karibu na mstari. Vita vya kwanza vya dunia vikaleta wanamaji wa Kiingereza, waliokuja na mashua zao mbili kwa njia ya nchi kavu kuja kuzamisha meli za Wajerumani ziwani. Baadaye ukaja mgodi wa makaa ya mawe kando ya Lukuga, kikaja kiwanda cha nguo cha Filtisaf, ambacho vitenge vyake wazee wa mjini bado wanavitaja kama vile vilichapishwa jana. Kila kazi iliyofunguliwa ilivuta watu wapya. Kila kazi iliyofungwa iliwaacha palepale, wakageuka wenyeji. Kiswahili cha Kalemie kiliundwa na watu wa aina hiyo, watu waliohitaji kuelewana na jirani ambaye mama yake hakuzungumza lugha ya mama yao.

Haya yote ni historia inayojulikana mjini. Haikuzuia mwaka 2017 kuwa mgumu.

Kwanza zilijaa shule. Familia zilizofika na mikeka na sufuria ziliingia madarasani, na mwanzo wa masomo ulipokaribia zikatakiwa kutoka. Wengi walihamia kwenye viwanja vya nje ya mji, Katanika, Kalunga, Lubuye na kwingineko, ambako vilijengwa vibanda vya fito na nyasi vilivyofunikwa kwa maturubai ya mashirika pale maturubai yalipopatikana. Yasipopatikana mvua iliingia. Lakini si wote waliokwenda kambini. Kama ilivyo desturi ya Kongo ya mashariki, maelfu walipokelewa katika nyumba za ndugu, za shemeji, za mtu wa kijiji kimoja, hata za mtu asiyewafahamu kabisa aliyewaonea huruma. Nyumba ya vyumba viwili ikalaza familia mbili au tatu.

Huruma ya namna hiyo ina hesabu yake, ingawa hakuna anayependa kuonekana anaipiga. Wiki ya kwanza mgeni anapewa bukari na sombe kama wengine. Mwezi wa tatu, unga unapokwisha mapema, mama mwenye nyumba anaanza kutazama mafungu. Kisha linafika shirika, linaandikisha wakimbizi, linagawa jetoni: mwenye jetoni anapata mchele, maharagwe, mafuta, pengine fedha taslimu. Mwenye nyumba, aliyelisha watu wote hao kwa miezi mitatu, hayumo katika orodha kwa sababu hakukimbia. Ukitaka kuona chuki ikizaliwa kati ya watu wawili wazuri, usihangaike kutafuta mahubiri ya kikabila; tafuta orodha iliyoandikwa na mtu aliyekuja kwa gari na kuondoka siku hiyohiyo. Mashirika yalikuja kulielewa jambo hili, na mengi sasa huweka sehemu ya msaada kwa familia zinazopokea. Mwaka 2017 somo hilo lilikuwa bado linagharimu.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa kazi. Mkimbizi aliyeacha shamba la mihogo akafika mjini mikono mitupu hukubali kulima, kubeba mchanga, kufua, kupakua mashua kwa malipo ambayo kibarua wa mjini angeyacheka. Mwenye shamba hufurahi. Kibarua wa mjini hafurahi, na hamlaumu mwenye shamba, humlaumu aliyekubali. Kuni nazo zilianza kufuatwa mbali zaidi, maana vilima vilivyozunguka kambi vilibaki vipara, na wanawake waliotoka kambini kwenda kukata miti walijikuta katika ardhi yenye mwenyewe. Maji yalikuwa kisa kingine. Kalemie ina historia ndefu ya kipindupindu, ugonjwa unaorudi karibu kila mwaka kwa sababu watu wengi huchota ziwani na mtoni. Bomba la Régideso, shirika la maji, halifiki kila kartie, na pale linapofika foleni ya bidoni huanza kabla ya jua. Kuongezewa watu katika foleni ya namna hiyo ni kuongezewa sababu ya kugombana.

Mwaka 2018 serikali ya jimbo ikaanza kufunga makambi, ikisema vijijini kumetulia na wakati wa kurudi umefika. Wapo waliorudi. Wapo waliohama kambi moja kwenda nyingine. Na wapo waliokuwa tayari wamenunua kipande cha ardhi pembezoni mwa mji, wamefyatua tofali, wameanza kuuza dagaa sokoni, na hawakuona sababu ya kurudi kwenye majivu. Hao ndio waliobadilisha mji kwa kweli, na ndio wasiotajwa katika takwimu, kwa kuwa siku mtu anapotoka kambini na kuingia kwenye parseli yake anaacha kuhesabiwa.

Basi mwenyeji ni nani? Swali hili likiulizwa kwa uaminifu kaskazini mwa Katanga, jibu lina aibu ndani yake.

Karibu kila simulizi ya asili katika eneo hili, ikiwemo ya Baluba wenyewe, inakubali kwamba Batwa walikuwepo kwanza. Wawindaji wa msitu, wajuzi wa njia, waliowaonyesha waliokuja baadaye palipo na maji na palipo na nyama. Kwa mantiki ya "sisi tulitangulia", wao ndio wangekuwa wakigawa ardhi. Hali ilivyo ni kinyume chake. Mtwa huishi ukingoni mwa kijiji cha Mluba au Mkalanga, hulima shamba la mwenyewe huyo kwa ujira wa chumvi, nguo kuukuu au pombe, na kijiji chake mara nyingi hakitambuliwi kuwa kijiji chenye shefu wake. Mwanamume wa Kiluba anaweza kuoa mwanamke wa Kitwa. Mtwa akiposa kwa Baluba huchekwa au hupigwa. Vijana wa Kitwa waliochukua mishale mwaka 2013 na baadaye walitoa madai ambayo mtu yeyote wa mjini angeyaona ya kawaida: kulipwa fedha kwa kazi, kuwa na shefu anayetambuliwa, kuoa wanayempenda. Njia waliyochukua iliua wakulima wasio na hatia na kuchoma vijiji ambavyo vilikuwa maskini kama wao. Hilo halifuti madai.

Bunge la Kinshasa lilichukua muda mrefu. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 hatimaye iliweka kwa maandishi ulinzi na haki za watu wa asili kama Batwa, ikiwemo haki juu ya ardhi wanazokalia. Ni sheria nzuri ikisomwa Kinshasa. Huko Nyunzu na Kiambi, karatasi inapaswa kwanza ifike, kisha imkute hakimu, kisha hakimu awe tayari kumwambia shefu kwamba kijiji cha pembeni nacho ni kijiji.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa kiasi chake, kilikuwa kitu cha zamani: baraza. Baada ya mikutano ya upatanisho ya mwaka 2017, kamati za Batwa na Bantu, yaani Baluba na wenzao, ziliundwa katika vijiji na vitongoji vingi vya jimbo, zikaitwa baraza, na kazi yao ikawa kusikiliza mashauri ya kila siku: mbuzi aliyekula mihogo, binti aliyetoroshwa, njia ya kwenda mtoni iliyofungwa. Nyingine zilikufa fedha za wafadhili zilipokwisha. Nyingine zinaendelea hadi leo bila fedha, na hizo ndizo za kuangaliwa, kwa sababu zimeonyesha jambo ambalo mikutano mikubwa ya Kalemie yenye vipaza sauti na bahasha haikuonyesha. Shauri la mbuzi likiisha kwa haki, mtu wa pili huleta shauri la shamba.

Kuna aina nyingine ya mgeni ambaye Kalemie ilimpokea kwa shangwe, angalau mwanzoni. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne na Tanganyika ikawa jimbo. Mji uliokuwa umesahauliwa tangu viwanda vife ukawa makao makuu ghafla. Ukahitaji gavana, mawaziri wa jimbo, wabunge, wakurugenzi, walinzi wao, madereva wao, na nyumba za kuwaweka wote. Magavana wamepita kwa kasi: Richard Ngoy Kitangala, Zoé Kabila, Julie Ngungwa, kisha Christian Kitungwa aliyechaguliwa mwaka 2024. Kila mmoja alikuja na watu wake, na kila mara watu wa mjini walihesabu vidole: wangapi wa Manono, wangapi wa Kongolo, wangapi wa Moba, na wangapi, basi, wa Kalemie penyewe?

Hesabu hiyo ya vidole ina ukoo mrefu katika nchi hii. Mwaka 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa manispaa ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, walioshinda wengi walikuwa watu kutoka Kasai ambao wazazi wao waliletwa na migodi. Wenye Katanga yao walishtuka, na mwaka uliofuata Godefroid Munongo na wenzake wakaanzisha chama cha Conakat kuwatetea wale walioitwa Wakatanga halisi. Miaka miwili baadaye Moïse Tshombe alitumia chama hichohicho kutangaza kujitenga kwa Katanga. Baluba wa kaskazini, watu wa Manono, Kabalo na Kiambi, waliokuwa Wakatanga kwa kila kipimo, walikataa na kumfuata Jason Sendwe wa chama cha Balubakat. Wakashambuliwa na vijiji vyao vikachomwa. Kipimo cha uzawa kilikuwa tayari kimebadilika. Ilitosha kuwa upande usiotakiwa.

Mwaka 1992 na 1993 kipimo kilirudi, safari hii chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Wakasai wa Likasi na Kolwezi walifukuzwa kwenye nyumba walizozaliwa, wakarundikana kwa maelfu kwenye vituo vya reli wakisubiri treni za kuwapeleka mahali ambako wengi hawakuwahi kufika. Wengi walifia njiani. Na nyumbani Tanganyika, tarehe 1 Agosti 2007, uvumi tu kwamba Banyamulenge, Watutsi wa Kongo, waliokimbilia Zambia wangerudishwa ulitosha kuwaingiza watu wa Moba barabarani, wakazishambulia ofisi za mashirika na kujeruhi waangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa. Miaka kumi baadaye ni watu wa Moba na Pweto waliovuka kwenda Zambia, wakapewa viwanja katika makazi ya Mantapala, wilaya ya Nchelenge, na kuanza kujifunza kuwa wageni kwa majirani wao wapya.

Halafu ziwa likaingia kwenye ugomvi. Kwa miaka kadhaa maji ya Tanganyika yalikuwa yakipanda, na mwaka 2024 yalifikia kimo ambacho wavuvi wengi hawakukiona maishani mwao. Uvira, Gatumba, Kigoma, kote pwani ililiwa. Kalemie maji yaliingia bandarini, yakaingia kwenye barabara kuu ya Lumumba, yakawatoa watu katika nyumba za kando ya ziwa. Hizo ni nyumba za watu wa zamani. Mji ulianza majini ukapanda kilimani, kwa hiyo aliyetangulia alijenga karibu na maji, na aliyechelewa alisukumwa juu. Sasa aliyetangulia akabeba godoro kutafuta hifadhi kwenye kartie ambazo miaka saba nyuma alikuwa akizisema kwamba ni za wakimbizi. Si wengi wanaopenda kulizungumzia hilo hadharani. Lakini bei ya parseli ya kilimani inalizungumza vizuri tu.

Na kabla maji hayajasahauliwa, likaja wimbi la 2025. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Barabara ya kutoka Bukavu kwenda kusini inapita Uvira, na Uvira inatazama ziwa. Mashua zilizozoea kubeba dagaa na saruji zikabeba familia kushuka Kalemie. Desemba mwaka huohuo, siku chache baada ya marais wa Kongo na Rwanda kutia saini mapatano Washington, Uvira nayo ikaanguka. Watu wengi sana walivuka kwenda Burundi, wengine wakashika njia ya kusini, Fizi, Baraka na Kalemie.

Wageni hawa hawakufanana na wale wa 2017. Mkulima wa Nyunzu alifika kwa miguu, na lawama dhidi yake ilikuwa kwamba ni maskini mno: anachukua kibarua, anachukua kuni, anajaza foleni. Miongoni mwa waliotoka Bukavu na Goma walikuwemo walimu, wauguzi, wafanyabiashara, wafanyakazi wa serikali wenye mshahara, watu wenye simu nzuri na ndugu Ulaya wa kuwatumia fedha. Dhidi ya mtu wa namna hii lawama hugeuka: ana fedha mno. Anaweza kulipa miezi sita kwa mara moja, na mwenye nyumba anayesikia hivyo hukumbuka ghafla kwamba mpangaji wake wa zamani ana deni. Waliokuja wachache au wengi, wenye nacho au wasio nacho, ukiwasikiliza wanaowalalamikia utadhani hakuna mgeni aliyewahi kuja kwa kipimo kinachofaa.

Hapa ni vyema kumtazama anayenufaika. Katika kila wimbi la Kalemie, mpangaji wa zamani na mpangaji mpya wote wamepoteza kitu, kibarua wa zamani na kibarua mpya vilevile. Wenye kupata ni wachache na ni walewale: mwenye nyumba za kupangisha, mwenye shamba la kulimwa kwa bei ya chini, na hasa yule mwenye uwezo wa kuandika kwenye karatasi kwamba kipande hiki cha ardhi ni cha fulani. Kisheria ardhi ya Kongo si ya Mtumbwe wala Mluba wala Mtwa. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 na ile ya ardhi ya mwaka 1973 ziliiweka yote mikononi mwa taifa. Katiba ya 2006, ibara ya 30, inampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa popote nchini. Kwa vitendo, mtu anayetaka parseli Kalemie au shamba nje yake hukutana na watu wawili: shefu wa kimila anayepokea haki yake ya desturi, na ofisa wa serikali anayepiga muhuri. Wawili hao wakipishana, kipande kimoja huuzwa mara mbili. Wanunuzi wawili wanapogundua, hawaendi kumshika aliyeuza. Mmoja humwambia mwenzake arudi kwao.

Ugomvi wa aina hiyo ukitazamwa kwa mbali huonekana wa kikabila. Kwa karibu una stakabadhi mbili na mashahidi wa kulipwa.

Walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, walifunga shughuli zao Tanganyika katikati ya mwaka 2022, wakiondoka na magari, redio na sehemu ya ajira za mjini. Walipoondoka, jicho la biashara lilikuwa limeshahamia magharibi, Manono. Chini ya mji huo kuna mojawapo ya akiba kubwa za lithiamu ya mwamba duniani. Kampuni ya AVZ ya Australia iliitafiti kwa miaka, kisha ikanyang'anywa kibali mwaka 2023. Sehemu ya kaskazini-mashariki ya eneo hilo ikaenda kwa Zijin ya China. Na Julai 2025 KoBold ya Marekani ilitia saini makubaliano ya awali na serikali. Kesi zipo kwenye mahakama za kimataifa, lakini mitambo haisubiri hukumu. Vijana wa Manono wameanza kuuliza swali lilelile la Lubumbashi ya 1957: kazi hizi ni za nani, na kwa nini dereva ametoka Kolwezi?

Manono inalifahamu jibu la zamani. Kampuni ya Géomines ilipochimba bati hapo wakati wa ukoloni ilijenga mji mzima, na kuuwashia taa kwa umeme wa bwawa la Piana Mwanga, kwenye Luvua, upande wa juu wa Kiambi. Baadaye mgodi ulikufa, vita vya mwishoni mwa miaka ya tisini vikazima mitambo, na mji ukarudi gizani ukiwa na nyumba za Kibelgiji zenye miti iliyoota sebuleni. Lithiamu haiwezi kuchimbwa na kusafishwa bila umeme mwingi, na ndiyo maana Piana Mwanga inazungumzwa tena.

Hilo linairudisha Kiambi kwenye ramani, ikiwa na kila jambo ambalo Kalemie ilishindwa kulipanga mapema. Barabara ya kwenda bwawani ikifunguliwa watakuja mafundi, madereva, wauza mikate, makahaba, wahubiri na mawakala wa ardhi. Wakati huohuo wanarudi waliokimbia miaka ile, na baadhi wanakuta shamba la baba limelimwa na mtu mwingine misimu mitano, mtu ambaye naye alikimbia kutoka kijiji kingine na akaonyeshwa hapo na shefu. Batwa wa eneo hilo wana sheria ya 2022 mkononi, au wangekuwa nayo kama ingetafsiriwa na kusomwa kwa sauti barazani. Hakuna hata moja kati ya makundi haya matatu lenye hati.

Kupima mipaka ya Kiambi na kuandika nani anatumia nini, pamoja na vijiji vya Batwa kwa majina yao, kungehitaji timu ndogo ya wapimaji, mashefu wote wa pande mbili wakiwa wamekaa pamoja, na msimu mmoja wa kiangazi. Kazi hiyo hufanyika kwa gharama ndogo kabla magari ya kampuni hayajafika. Yakishafika, kila shina la mwembe huwa na wenyewe watatu na kila mmoja wao ana wakili Lubumbashi.